Mwaka wa Solo na Pea

Senge Felista alipofariki mwaka huu, tulikusanyika Kaloleni mchana wa Jumamosi kumwombolezea kabla ya kumsafirisha nyumbani kijijini kwa mazishi. Senge kwetu ni dada wa baba. Viti vya plastiki vilipangwa nje ya nyumba yake ile ile ya mawe yenye vigae, kina mama wa kanisa wakawa wanaimba kwa sauti za chini, nami nilikuwa nikigawa chai nilipomwona mwanamke mwenye miwani na kitambaa cha zambarau akiketi mstari wa nyuma kabisa, kiti chake kikiwa kimesukumwa hadi ukutani. Nilimtambua kwa hilo tu. Awino hakuwahi kuketi mahali ambapo mtu angeweza kupita nyuma yake. Nilimpelekea kikombe, akakipokea kwa mikono miwili, akasema, “Pole sana, Nasimiyu,” kwa adabu ile watu wanayompa mtu wasiyemjua vizuri. Tulikuwa hatujazungumza tangu tukiwa wasichana. Nilirudi jikoni na sinia, nikasimama karibu na jiko bila kukumbuka nimefuata nini, kwa maana mwaka ule wote ulikuwa umenirudia kwa pamoja: mwaka niliomaliza shule nikaja kukaa na Senge nikisubiri maisha yangu yaanze, na badala yake nikajifunza kucheza kadi na kumshuku kila mtu.

Watoto wangu wanacheza kadi kwenye simu. Kila mmoja yuko peke yake na kioo chake, anacheza na watu asiowaona wala hatawaona, na akishindwa anafunga simu na kwenda kulala. Nikiwaangalia nafikiri kwamba mchezo wa mtu kivyake hatimaye ndio ulioshinda, ingawa mwaka ule, kwenye ukumbi wa Kaloleni, nilishuhudia ukishindwa. Kadi zilichezwa pale Jumapili alasiri baada ya ibada. Wengine kanisani walisema karata ni kitabu cha shetani. Senge, aliyeimba na kina mama na kufua vitambaa vya madhabahu, aliwajibu kwamba pale mezani hakuna kamari, kuna chai tu, na shetani hapendi chai. Mchezo wenyewe ni ule anaoujua kila mtoto wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji: unaweka kadi ya aina (maua, moyo, daimondi au spedi) au namba inayolingana na iliyo juu, ukiweka mbili au tatu yule anayekufuata analazimika kuokota, na ukikaribia kumaliza unatangaza, “Niko kadi.” Sisi tulicheza solo, watu wanne mezani, kila mtu na lake. Bingwa wa solo alikuwa Bwana Makokha, karani wa stoo ya kanjo, yaani halmashauri ya jiji, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi hadi likang’aa viwikoni. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Senge. Alishika kadi zake karibu sana na uso, kama mtu anayenusa ua, na watu walisema hivyo ndivyo wajanja wanavyoficha mkono wao.

Awino alikuja ukumbini mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa amenizidi umri kidogo, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni Baba Dogo na kulala kwa dada yake Kaloleni, na nguo zake zilikuwa na harufu ya sabuni hata zikiwa chafu. Alitazama meza zetu za solo kwa muda, kisha akauliza kwa nini tunacheza kama watu waliokosana. Kule kiwandani, alisema, wanacheza wawili wawili, wanaita pea. Wewe na patna wako mnakaa mkiangaliana, mmoja wenu akimaliza kadi zake nyote mmeshinda, na ni mwiko kusema neno lolote isipokuwa “niko kadi,” kwa sababu patna wakiruhusiwa kuongea watapeana siri. Ilikuwa na kasi. Wafanyakazi wa viwanda walikuwa na muda mfupi wa kula, na pea iliisha kabla king’ora hakijalia. Aliniteua mimi kuwa patna wake bila kuniuliza. Sijui aliona nini kwangu, lakini tangu raundi ya kwanza tulielewana. Nikimtazama akipanga kadi zake nilihisi anachotaka, naye hivyo hivyo, na kufikia Pasaka hakukuwa na watu wawili pale ukumbini walioweza kutufunga.

Pea ilienea kama moto wa nyasi. Mume na mke waliokuwa wakija ukumbini na kutengana mlangoni sasa walikaa meza moja. Majirani waliogombania kamba ya nguo walisahau kamba wakawa patna. Nimefikiri sana juu ya jambo hili tangu wakati huo, na naona solo iliwapenda waliokuwa na muda, wastaafu wa reli na makarani waliozoea kukaa kimya na hesabu zao kichwani, na ukishindwa solo unarudi nyumbani na aibu yako mwenyewe. Pea iliwapenda waliochoka. Ukishindwa kuna mtu wa kumlaumu njiani, na ukishinda kuna mtu wa kusimulia naye. Wiki baada ya wiki meza za solo zilisogezwa upande wa dirisha lililovunjika, ambako upepo ulipeperusha kadi, hadi Senge akaanza kubeba kijiwe mfukoni cha kuzikandamiza.

Jambo hilo lingebaki la mzaha kama watu wa kwaya ya vijana hawangeomba ukumbi. Tulikuwa tukiutumia alasiri nzima, solo upande mmoja na pea upande mwingine, na sasa tungebaki na saa chache na meza chache. Halafu Makadara na Baba Dogo walitualika kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka, nao walitaka kujua Kaloleni inacheza mtindo gani. Mzee Opondo, mwenyekiti wetu, aliyekuwa mpole kiasi cha kuomba radhi akikupita kwenye korido, alitangaza kwamba tutachagua mtindo mmoja kwa kura, na ule mwingine utakoma. Tangu siku hiyo ukumbi ulibadilika. Watu wa solo walisema pea ni mchezo wa wezi: yule anakohoa akitaka maua, yule anagusa pete akitaka moyo, yule mke anamkanyaga mumewe chini ya meza. Watu wa pea nao walisema solo ndiyo imeoza, kwani watu watatu wanaweza kuungana kimyakimya dhidi ya mmoja na hakuna sheria ya kuwakataza. Nilimsikia mama mmoja kwenye mfereji akimwambia mwenzake kwamba sasa anapocheza haangalii kadi tena, anaangalia vidole vya watu. Mimi pia nilianza kuangalia vidole.

Ndipo nilipomwona Senge. Kwenye solo aliketi kila mara mkono wa kulia wa Bwana Makokha, na zamu ilipotoka kwake ilikwenda kwa Makokha. Nilisimama nyuma yake Jumapili moja nikiwa na sahani ya mandazi, nikaona ana mbili ya maua mkononi, kadi ambayo ingemlazimisha Makokha kuokota. Aliipita. Akaweka tisa. Jumapili iliyofuata alipita tatu. Tena alikuwa na tabia moja ambayo sote tuliizoea hata tukaacha kuisikia: kila kadi iliyowekwa mezani, iwe yake au ya mwingine, aliitaja. “Saba ya daimondi. Haya. Malkia wa daimondi. Ehe.” Tulidhani ni domo tu la mama anayeishi peke yake. Sasa nilianza kuisikiliza upya, na nyumbani, tukila ugali na mrenda kwenye meza ndogo karibu na dirisha, nilimchunguza Senge wangu kama askari. Kila Jumamosi asubuhi alifunika bakuli kwa kitambaa akasema anaenda kumwona mgonjwa. Hakusema mgonjwa gani. Nilimuuliza kwa nini yeye na Bwana Makokha hawachezi pea, maana wangetuogopesha sote. Alitafuna polepole, kisha akasema pea si mchezo wa watu wazima, akainuka kuosha sahani ambayo ilikuwa bado na chakula.

Nilikosea kumwambia Awino, au pengine sikukosea, kwani yeye alikuwa ameshaona. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za ukumbi tukimenya machungwa. “Hawa wawili wana kitu, Nasi,” aliniambia. “Senge yako anamsomea kadi. Solo yao ni pea ya kujificha.” Alikuwa ametulia kabisa, bila chuki. Alisema siku ya kura, kabla watu hawajainua mikono, atasimama aeleze yote, na solo itakufa pale pale. Kilichonisumbua si kadi. Senge alikuwa mjane, mama wa kanisa, na Makokha alikuwa mwanamume asiye na mke nyumbani, na nilijua Awino akisema hayo mbele ya watu hakuna atakayesikia habari ya kadi. Nilimwomba asubiri nihakikishe. Alimaliza kumenya chungwa lake, akasema sawa.

Jumamosi hiyo nilimfuata Senge. Alivuka Jogoo Road na bakuli lake, akaingia Makadara, akapita nyuma ya mahakama hadi kwenye safu ya vyumba vilivyopakwa rangi ya krimu. Alibisha akaingia, akaacha mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Nilisubiri kidogo, nikijiambia kwamba nikiona jambo la aibu nitarudi kimya na kufungasha nguo zangu. Kisha nikasogea. Kilikuwa chumba kisafi mno, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali, bakuli la viazi vitamu mezani, na wao wawili wameketi pande mbili za meza. Senge alikuwa ameinua kadi moja mbele yake. “Hii?” aliuliza. Makokha alikunja macho, akasema spedi. Ilikuwa mfalme wa moyo, mwekundu kama nyanya. Senge hakumsahihisha. Aliisogeza kadi karibu, karibu zaidi, hadi ilipokaribia kugusa pua ya Makokha, ndipo yeye akasema, “Moyo. Mfalme.” Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Hapo kivuli changu, au labda kiatu changu, kilifanya kitu. Bwana Makokha aligeuka akanitazama usoni moja kwa moja. Nilikuwa nimesimama kwenye jua, nimevaa gauni la njano alilowahi kunisifia. “Nani huyo mlangoni?” akauliza.

Senge aliniingiza ndani, akafunga mlango, akaniketisha kitandani kama mtoto. Waliniambia kwa zamu. Macho ya Makokha yalikuwa yakififia kwa ugonjwa ambao miwani haiuwezi, na daktari alikuwa amemweleza waziwazi kwamba hayatarudi. Kitu kilichokaribia uso alikiona. Kilichokuwa upande wa pili wa meza kilikuwa ukungu. Kwenye stoo aliishi kwa mikono na kumbukumbu, akijua kila rafu ilipo, na alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Lakini nusu ya watu wa ukumbi walifanya kazi kanjo. Wangejua Jumapili, ofisi ingejua Jumatatu. Na kama angeacha ghafla kucheza, yeye bingwa, kila mtu angeuliza kwa nini. Kwenye solo hakuna anayekatazwa kuongea, kwa hiyo Senge alikuwa akitaja kadi. Kwenye pea hakuna anayeruhusiwa. “Pea ikishinda,” Bwana Makokha alisema, “mimi nimemaliza.” Alijaribu kucheka. Nilimuuliza Senge, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kama ni hilo tu lililokuwa kati yao. Aliniangalia bila hasira. “Kama nampenda au simpendi, hilo ni langu, mwanangu. Ulikuja kuuliza habari ya kadi, umejibiwa.” Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, na akataja jina la Awino kabla sijafungua mdomo.

Wiki ile sikulala vizuri. Pea ingeshinda, hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyeangalia meza. Hata kama ningepigia solo kura, ningekuwa mmoja. Na Awino alikuwa anasubiri jibu langu. Nilimwambia nimehakikisha, hakuna kitu. Aliuliza nimehakikishaje. Nikasema nimehakikisha tu. Aliendelea kukunja kitambaa chake cha kichwa, na nilijua hakuniamini, lakini siku ya kura alipoona ninamtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, hakusimama. Niliyesimama ni mimi.

Sikuwa nimewahi kuongea mbele ya watu wazima wengi hivyo. Nilimwomba ruhusa Mzee Opondo nikasema kwamba pea ni tamu na sote tunajua itashinda, lakini wote humu ndani tunashukiana, na tukienda kwa watu wa Makadara tukiwa na sifa ya kupeana ishara tutafukuzwa. Nikasema kimya ndicho kinacholea wizi. Mtu akikaa kimya, kikohozi chake kinakuwa neno na pete yake inakuwa neno. “Patna wanaongea kwa macho na kwa vidole,” nilisema. “Basi tuwape kitu kimoja cha kusema, na hicho tu. Kila mtu akiweka kadi aitaje kwa sauti, wote wasikie. Zaidi ya hapo, neno lolote ni ishara, na meza imeshindwa.” Kulikuwa na mnong’ono. Nilitazamia wakatae, kwa kuwa kwa kweli haikuwa na maana sana: anayetaka kukohoa atakohoa hata akitaja kadi. Lakini watu wenye shaka hupenda sheria. Upande wa solo waliona nimewafunga kamba wezi wa pea. Upande wa pea waliona nimewasafisha jina. Mama wa kwenye mfereji alipiga makofi. Pea ilipitishwa, na sheria ya kutaja kadi ikapitishwa pamoja nayo, na Mzee Opondo akaomba radhi kwa wote walioshindwa. Bwana Makokha alikuwa amekaa dirishani na mikono magotini. Hakugeuka upande wangu, asingenipata hata akigeuka. Senge alikuwa akifunga na kufungua kamba ya mkoba wake.

Jumapili iliyofuata waliketi patna, mjane na rafiki wa mumewe, mbele ya macho ya kanisa zima, na ukumbi wote ukawa unawasomea kadi bila kujua. “Nane ya maua.” “Tano ya maua.” “Tano ya spedi.” Sauti za meza zilipishana kama watu wanaosali. Maneno yalisemwa juu yao, bila shaka. Senge aliyaacha yasemwe. Walicheza mashindano ya mwisho wa mwaka kwa ajili ya Kaloleni, wakafika mbali, wakatolewa na vijana wawili wa Baba Dogo, na Makokha alistaafu kwa heshima na saa ya ukutani ambayo hakuweza kuisoma. Mimi na Awino hatukucheza mashindano hayo. Baada ya kura alikuja mara mbili au tatu, akicheza bila kunitazama, na mkono wake niliokuwa nikiuhisi ukawa umefungwa kwangu kabisa. Halafu akahamia Baba Dogo karibu na kiwanda. Nilimtumia salamu kwa dada yake. Hazikujibiwa. Nilidhani amepata mchumba. Nilidhani amechoka na watoto wa shule kama mimi. Nilidhani mengi, na hakuna lililokuwa la kweli.

Haya yote yalikuwa yananipita kichwani pale jikoni nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa amerudisha kikombe. Alisimama mlangoni akiangalia dirisha na meza ndogo, akasema nyumba ni ndogo kuliko alivyoikumbuka. Kisha akasema bila kubadilisha sauti kwamba kuna jambo amekuja nalo, na kama si leo basi halitasemwa.

“Ulisimama mbele ya watu ukasema patna wanaongea kwa vidole,” alisema. “Patna wako nilikuwa mimi.”

Niliweka sinia mezani. Alisema hakuwahi kunipa ishara hata moja. Tulikuwa tukishinda kwa sababu tulielewana, basi, na alidhani nami najua hivyo. Kura ilipoisha alitembea hadi kwa dada yake akiwaza kwamba mtu pekee aliyemwamini katika mtaa ule ndiye aliyemtungia sheria. Sikuwa nimewahi kuliona hivyo, hata mara moja, katika miaka yote ile. Na kwa kuwa Bwana Makokha alitangulia zamani, akiwa haoni kabisa, na Senge alikuwa kwenye jeneza, hakuna niliyekuwa nikimlinda tena. Nilimweleza Awino yote: bakuli, chumba cha Makadara, mfalme wa moyo, kiapo. Alisikiliza akiwa amesimama. Mara moja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Na nitajuaje kwamba huniambii hivi kwa sababu ni matanga?” aliuliza.

Nilifikiria nani angeweza kunishuhudia. “Hutajua,” nikasema.

Nje kina mama walikuwa wameanza wimbo mwingine. Awino aligeuka akatazama kule lilikokuwa gari la kusafirisha mwili, vijana wakifunga maua juu yake. Aliuliza basi la waombolezaji linaondoka saa ngapi kwenda nyumbani. Nikamwambia. Aliuliza kama limejaa.

“Kuna nafasi,” nilisema.

“Basi niwekee,” akasema, “na usiniweke mbali na wewe.”